Sikio Ndilo Lichague, Si Mfuko

Kila mwanzo wa muhula, mara tu fedha za mkopo wa elimu ya juu zinapoingia, hunijia ofisini mwanafunzi mmoja au wawili na swali ambalo halimo katika silabasi. "Mwalimu, nataka kununua vile vya kutia masikioni, vile vizuri kabisa. Nichukue vya aina gani?" Hapo awali nilikuwa nikilijibu swali hilo kwa kicheko, nikidhani kwamba ni jambo la anasa ambalo mhadhiri wa isimu hana haja ya kujitwika. Siku hizi sicheki tena. Leo nimeamua kulijibu hadharani, kwa manufaa ya wanafunzi na walimu wenzangu, kwa kuwa nimetambua kwamba nyuma ya swali hilo dogo limejificha jambo kubwa, nalo ni hatima ya masikio yetu. Mkulima ana jembe, mvuvi ana wavu. Mtu wa lugha ana sikio.

Kabla ya kuendelea, tukubaliane juu ya jina. Vijana huviita iyafoni. Walio makini zaidi huviita vipokea sauti vya masikioni, jina lililo sahihi lakini refu mno kwa kitu kinachotoshea kwenye kiganja. Mimi nitatumia neno visikizi, nikiwa na maana ya vile vidogo vinavyoingia ndani ya tundu la sikio. Vile vikubwa vinavyolifunika sikio zima, na kuunganishwa kwa utepe utosini, havimo katika mjadala huu.

Nitaanza na kisa changu mwenyewe, maana mwalimu asiyekiri kosa lake hana haki ya kusahihisha la mwanafunzi.

Osiri, katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, ni mahali panapojulikana kwa dhahabu. Wachimbaji wadogo wadogo huteremka mashimoni, mawe hupandishwa juu kwa kamba, huvunjwa kwa nyundo, kisha husagwa kwa mashine zinazoendeshwa kwa injini. Mgeni huisikia Osiri kabla hajaiona. Nilifika huko miaka michache iliyopita, si kwa ajili ya dhahabu, bali kurekodi sigana, yaani hadithi za jadi za Waluo, kutoka kwa bibi kizee mmoja ambaye watu wote pale humwita Dani, yaani Nyanya. Tuliketi uani kwake, chini ya mti, mashine zikinguruma ng'ambo ya pili ya bonde. Dani hakuonekana kusumbuliwa nazo. Mimi nilijiambia kwamba nikirudi chuoni nitavaa visikizi vizuri, na ngurumo hiyo haitanizuia kuyasikia maneno yake.

Nia yangu ilikuwa kuchunguza irabu. Msomaji asiyeifahamu Dholuo na ajue kwamba lugha hiyo huandikwa kwa herufi tano za irabu, kama Kiswahili, ilhali irabu zinazotamkwa zinakaribia mara mbili ya hizo. Tofauti hutokana na namna shina la ulimi linavyosogezwa mbele au kurudishwa nyuma kooni. Fauka ya hayo, Dholuo ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadilisha maana. Chukua neno kech. Likiandikwa, msomaji hutegemea muktadha ili ajue kama linahusu njaa au ladha chungu. Likitamkwa, mzawa wa lugha hana shaka yoyote.

Basi nilirejea chuoni, nikaenda mjini, nikanunua visikizi vya hali ya juu vilivyoninyang'anya sehemu isiyokuwa ndogo ya mshahara. Nilikuwa na imani ya mtu aliyelipa. Nilivitia masikioni jinsi vilivyotoka kwenye kisanduku, nikaanza kuzisikiliza hadithi na kuziandika. Vilikuwa vikiteleza na kutoka kila nilipoinamisha kichwa. Sauti ya Dani ilikuja nyembamba, kama mtu anayezungumza ndani ya kopo. Ili nimsikie vyema, niliongeza sauti. Kesho yake nikaongeza tena. Baada ya wiki mbili za kazi hiyo, nikilala usiku nilisikia mlio masikioni, mfano wa nyenje asiyechoka. Nilidhani ni uchovu.

Nilipokamilisha kuandika, nilirudi Osiri kumsomea Dani hadithi zake ili athibitishe. Katika hadithi ya mwanamke aliyekwenda porini kutafuta mboga, nilisoma kwa madaha, nikitamka jinsi nilivyokuwa nimeandika. Dani akanikatiza kwa kicheko. "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "mboga ile haikuwa chungu. Watu walikuwa na njaa." Nikasoma tena. Akacheka tena. Kisha akaniuliza kwa upole uliouma kuliko ukali: "Japuonj, masikio yako yana nini?" Japuonj ni mwalimu. Nilitamani ardhi ipasuke niteremke na wachimbaji.

Mwanafunzi niliyekwenda naye, kijana wa mwaka wa tatu, alinisikilizisha sehemu ileile kwa visikizi vyake vya waya, vya bei ya kawaida sana. Tofauti ilikuwa wazi kama mchana. Alipovichukua vyangu na kuvitazama, aliniuliza: "Mwalimu, hukubadilisha vizibo?" Ndani ya kisanduku changu mlikuwa na jozi tatu za vizibo vya mpira: vikubwa, vya wastani na vidogo. Sikuwa nimevigusa. Tulipovalisha vile vidogo, visikizi vyangu vikakaa sawasawa, na sauti ya Dani ikarudi na kifua chake chote. Nikapunguza sauti hadi karibu nusu ya nilivyozoea, nami nikamsikia vizuri kuliko zamani.

Hilo ndilo somo ninalotaka kulifundisha leo. Watu huvitenganisha vitu viwili wanapochagua visikizi: ubora wa sauti upande huu, na starehe ya sikio upande ule, kana kwamba cha kwanza ni cha wataalamu na cha pili ni cha wadekaji. Kwa kweli ni kitu kimoja. Kisikizi kisicholikaa sikio lako hakiwezi kukupa sauti nzuri, hata kingekuwa cha dhahabu ya Osiri.

Sababu yake si uchawi. Kisikizi cha aina hii hutetemesha hewa kidogo iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5, na hewa iliyomo ni chache mno. Tundu likizibwa vizuri, mtetemo wote huifikia ngoma. Pakiwa na mwanya, hata mdogo kama unene wa uzi, sauti nene ndizo za kwanza kuvuja, kwa maana mawimbi yake huhitaji hewa iliyofungwa ili yawe na nguvu. Na katika lugha, sauti nene ndimo inamokaa toni, na ndimo zinamoanzia tofauti za irabu nilizokuwa nikizitafuta. Nilikuwa nimenunua mtungi wa bei, nikausahau kizibo, kisha nikashangaa kwa nini maji yanamwagika. Mwanya huohuo unaotoa sauti nene ndio unaoingiza kelele za nje. Ndiyo maana nilikuwa nikiongeza sauti bila kikomo.

Historia ya vifaa hivi inathibitisha jambo hilo. Mwaka 1983, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, mhandisi Mead Killion alianzisha kampuni aliyoiita Etymotic Research. Sisi watu wa isimu hatuwezi kulipita jina hilo bila kusimama: limeundwa kwa mizizi ya Kigiriki na lilikusudiwa kuwa na maana ya kitu kilicho cha kweli kwa sikio, na mzizi wake wa kwanza ni uleule uliomo katika neno etimolojia. Mwaka 1991 kampuni hiyo ilitoa visikizi vya ER-4, vilivyojengwa juu ya wazo la kuziba tundu la sikio kwanza, na kisha ndipo sauti safi itolewe. Mwaka 1995 fundi wa sauti Jerry Harvey alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen visikizi ili aweze kusikia muziki katikati ya kelele za jukwaani. Huyu ni msomi wa usikivu, na yule ni fundi wa muziki wa kishindo; wote wawili walianzia mahali pamoja, kwenye kizibo.

Je, bei haina maana kabisa? Sisemi hivyo. Kitu kilichotengenezwa kwa makini hudumu, waya wake haukatiki upesi, na upande wa kulia hulingana na wa kushoto. Hata hivyo, bei si ushahidi wa sauti. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya kupima aina 283 za vipokea sauti, vikubwa na vidogo, akalinganisha namna vinavyotoa sauti za chini, za kati na za juu na bei zake madukani. Hakuona uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili. Mwanafunzi anayetoa nusu ya mkopo wake kwa kuamini kwamba ghali ndiyo hakikisho, na aukumbuke utafiti huo kabla hajafungua mkoba.

Basi tuchague vipi? Nitataja mambo ambayo mimi mwenyewe sasa huyafuata, nayo hayahitaji shahada ya uhandisi.

Kwanza, tazama vizibo kabla ya kutazama jina la kampuni. Visikizi vinavyouzwa na vizibo vya ukubwa mbalimbali vinakuheshimu. Vilivyo na kimoja tu vinakutaka wewe ubadilishe sikio. Usishangae ukigundua kwamba sikio lako la kulia linahitaji kizibo kikubwa na la kushoto kidogo, kwa kuwa masikio ya mtu mmoja si lazima yawe pacha. Unapovaa, pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, livute sikio juu na nyuma kidogo, kisha kiingize kisikizi taratibu. Halafu tamka mmm, midomo ikiwa imefumbwa. Ukisikia sauti yako ikivuma ndani ya kichwa kama ya mtu aliye pangoni, tundu limezibika. Ukijisikia kama kawaida, badilisha kizibo.

Pili, vipe muda. Zungumza navyo, tafuna navyo, inamisha kichwa kama mtu anayesahihisha insha. Taya hutembea, na tundu la sikio hubadilika umbo pamoja nalo. Kisikizi kinachokaa vizuri kwa mtu aliyenyamaza kinaweza kuchomoka mara anapocheka. Vivae kwa nusu saa. Maumivu yakianza katika nusu saa hiyo, yatakuwa mateso katika saa tatu za maktaba, na mtu anayeumia hulegeza kisikizi, akilegeza huvujisha sauti, ikivuja huongeza. Vizibo vya mpira laini huoshwa kwa maji na sabuni na hudumu. Vile vya sponji hufinywa, huingizwa, kisha hutanuka na kulijaza tundu. Huziba kelele vizuri zaidi, lakini huchakaa mapema. Iwapo duka halikuruhusu kujaribu kwa ajili ya usafi, ambayo ni hoja ya haki, ulizia kabla ya kulipa kama unaweza kuvirudisha visipokufaa.

Tatu, jaribu sauti kwa lugha, si kwa ngoma. Wauzaji wengi hukuwekea wimbo wenye besi ya kutikisa meno, nawe ukaondoka umefurahi. Besi iliyotiwa chumvi ni kama pilipili nyingi katika mchuzi: huwezi kujua kama nyama ilikuwa mbichi. Sauti nene zikizidi huzifunika zile nyembamba, na katika uneni sauti nyembamba ndizo zinazobeba konsonanti. Hivyo chukua katika simu yako sauti ya mtu unayemjua vizuri: mama yako, mwalimu wako, au msomaji wa taarifa ya habari unayemsikiliza kila jioni. Je, unamtambua? Je, s yake ni s, au inakuchoma kama sindano? Je, unaweza kutenganisha shamba na samba, thamani na samani, bila kubahatisha?

Mifano hiyo sikuichagua ovyo. Dholuo haina sauti ya sh wala ya z, na walimu wa Kiswahili wa Migori na Homa Bay wanajua ni mara ngapi "samba" hujitokeza katika daftari pale palipostahili kuwa shamba. Kwa upande mwingine, wanafunzi haohao hutamka dh ya dhahabu vizuri ajabu, ilhali wenzao wa sehemu nyingine husema "zahabu" na kuona wamesema. Mtoto hawezi kutamka tofauti ambayo hajaisikia. Tukimpa somo la kusikiliza kupitia kifaa kinacholainisha s na sh ziwe upepo mmoja, kisha tukamkata alama kwa kuzichanganya, tumemhukumu kwa kosa letu.

Nne, fikiria waya. Visikizi visivyo na waya vinapendeza, na baadhi yake vina uwezo wa kufuta kelele kwa kutoa mawimbi yanayopingana nayo. Uwezo huo hufanya kazi vizuri zaidi kwa mngurumo wa chini usiobadilika, kama wa injini ya basi au ya mashine ya kusaga, na si kwa maneno ya jirani anayepiga soga. Hata hivyo, betri yake huchoka kwa miaka, na mara nyingi haibadilishiki. Kwa shule na kwa mwanafunzi asiye na fedha za kuchezea, visikizi vya waya vilivyokaa vizuri ndivyo ninavyovipendekeza: havihitaji kuchajiwa, na fedha zote ulizotoa zimekwenda kwenye sauti. Angalia tu kwamba simu yako bado ina tundu la waya, kwa sababu simu nyingi za siku hizi hazina.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Kelele ya kudumu haiharibu usikivu wote kwa pamoja. Aghalabu huanza kula katika sauti za juu, karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde, na huko ndiko jirani na makao ya s, sh, f na th. Irabu, zilizo chini zaidi, hubaki. Kwa hiyo mtu anayeanza kupoteza usikivu hajui kwamba anaupoteza. Husema, "Nasikia vizuri, ila watu siku hizi hawatamki sawasawa." Anasikia sauti lakini haelewi maneno. Vinyweleo vya seli za sikio la ndani, vikishakufa, havioti tena kama nyasi baada ya mvua. Hakuna dawa ya kuvirudisha.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo lililoutoa pamoja na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano mwaka 2019, limeweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na desibeli 75 kwa muda uohuo kwa watoto. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu na muda salama hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 90 muda huo ni saa 4 kwa wiki nzima. Kwenye desibeli 100 ni dakika 20 tu. Mwaka 2022 shirika hilo lilisema kwamba zaidi ya vijana bilioni moja, wa umri wa miaka 12 hadi 35, wamo hatarini kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa kwa muda mrefu. Kanuni ya mkono ni kuiweka simu chini ya asilimia 60 ya uwezo wake. Nami naongeza: ukiona huwezi kusikia kwa kiwango hicho, tatizo liko kwenye kizibo au kwenye kelele zilizokuzunguka, wala usilitafutie dawa kwenye kitufe cha kuongeza sauti.

Pale Osiri niliona vijana, baadhi yao wa umri wa wanafunzi wangu, wakifanya kazi kando ya mashine za kusaga mawe huku wametia visikizi vya bei rahisi masikioni. Nilipomuuliza mmoja kwa nini, alinijibu: "Mwalimu, bila muziki kelele hii itaniua." Hebu fikirieni hesabu yake. Visikizi vile haviziibi kelele, kwa hiyo muziki lazima uishinde mashine ndipo usikike. Masikio yanapigwa mara mbili, na mwenyewe anaona amejikinga. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinakataza mfanyakazi kukaa katika wastani wa desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8. Kanuni hiyo, hata ikifuatwa, haikuhesabu wimbo unaoongezwa juu ya mashine. Anayehitaji kujikinga na kelele ya kazi avae vizibo vya kujikingia, na muziki ausubiri nyumbani. Na anayetembea au kupanda bodaboda barabarani avitoe visikizi masikioni, kwa kuwa honi ya lori haina marudio.

Najua nitajibiwa. Mwalimu mmoja wa Nyatike ataniambia: "Daktari, shuleni kwetu watoto watatu wanasoma kitabu kimoja, nawe unatuhubiria visikizi vya hali ya juu?" Hoja yake ni nzito na siipuuzi. Lakini namwomba aitazame kutoka upande wa pili. Mtaala wa umilisi umeifanya Kusikiliza na Kuzungumza kuwa miongoni mwa mada kuu za somo la Kiswahili. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, masomo yalipelekwa kwa watoto kwa redio na televisheni, na aliyekuwa na sauti mbovu alipata elimu mbovu. Sisemi kila mtoto anunuliwe visikizi. Nasema shule inayonunua vifaa vya kusikilizia inunue vichache vilivyo imara, vya waya, vyenye vizibo vya kuosha na kubadilisha, badala ya rundo la vile vinavyokufa kabla ya muhula kwisha. Vyuo vya walimu navyo viwafundishe walimu namna ya kuvivaa, maana mimi mwenye shahada ya uzamifu nilishindwa na kipande cha mpira.

Wapo pia watakaosema kwamba sikio zuri ni kipaji, na kwamba wataalamu wa zamani walizichunguza lugha zetu bila visikizi. Ni kweli, walikaa miezi na wazee, wakasikiliza ana kwa ana. Anayeweza kufanya hivyo na afanye, kwa kuwa hakuna kifaa kinachoshinda kuketi chini ya mti na mwenye lugha yake. Sisi wengine hurekodi saa moja, tukarudi mjini, na kuanzia hapo kipande kile cha mpira ndicho kinachosimama kati yetu na yule mzee. Tukikidharau, tunamdharau yeye, na tunaandika uchungu pale aliposema njaa. Fikirini tofauti hiyo ikiwa katika ushahidi wa mahakamani, au katika maelezo ya mgonjwa kwa daktari.

Mlio wangu wa usiku ulipungua baada ya kuzirekebisha tabia zangu, lakini haukuniacha kabisa. Nikiwa mahali pa kimya, nyenje yule bado yupo, akinikumbusha wiki mbili za kiburi. Nilikwenda kupimwa masikio, jambo ninalomshauri kila mwalimu alifanye, hasa wa lugha, hasa aliyevuka miaka 40. Tunapeleka macho yetu kupimwa mara tunaposhindwa kusoma herufi ndogo. Masikio tunayangoja mpaka watu waanze kutucheka.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu, utakapobisha hodi ofisini muhula ujao na swali lako, jibu langu litakuwa fupi. Njoo na masikio yako, usije na bei. Tafuta kinachokukaa, kinachoziba, kisichokuumiza, kinachokuwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini na kuitambua sauti ya mama yako. Ukikipata kwa fedha kidogo, mshukuru Mungu na salio ununulie vitabu. Ukikipata kwa fedha nyingi nawe unazo, kinunue bila kuona haya, maana chombo kizuri cha kazi si anasa. Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Ningependa msikie mapema, kabla hamjaulizwa na nyanya wa watu kile nilichoulizwa mimi.